Karatasi Kwenye Gunia la Chai

Hadi leo nikipita karibu na kituo chetu cha chai hapa Kiptere huwa navuta kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi na kujifanya naongea na simu, na simu yenyewe mara nyingi haina chaji, kwa sababu kuna watu pale ambao wakiniona tu wanaangalia juu na kuuma midomo wasicheke, na wengine hawajisumbui hata kuuma hiyo midomo. Si watu wabaya. Ni kwamba walitangaziwa na karani wa chai, kwa sauti, mbele ya wakulima wote, kwamba mimi Kemunto, mama wa watoto wawili na mwanakwaya, hukojoa kitandani. Na mimi mwenyewe nikakubali. Ngojeni niwaeleze vizuri, maana najua kuna mahali mmeisikia ikiwa nusu.

Mimi ni wa Chepilat, nikaolewa huku Kiptere na Baba Cherono, ambaye ni fundi wa magari Kericho mjini na huja nyumbani Jumamosi jioni. Tunaishi boma moja na mama yake, ambaye watoto wanamwita Kogo, yaani nyanya, na tuna chai yetu kidogo, si ya kujivunia. Watoto ni Cherono, msichana, na Kibet mdogo wake. Nawafundisha nyumbani. Sio kwamba sisi ni watu wa mambo mapya (Kogo anaamini kabisa kwamba tumeiga Wazungu), ni kwamba kuna siku Cherono akiwa darasani waliambiwa waandike insha kuhusu kwao, naye akaandika juu ya kuku wetu aliyekuwa akitaga kwenye kiatu cha Baba, na mwalimu akaichukua akaisoma mbele ya darasa kwa sauti ya kuigiza, darasa likaanguka kicheko, na kuanzia siku hiyo mtoto wangu akawa anaitwa Kuku. Kuku njoo, Kuku nenda, mpaka likizo.

Baada ya hapo alikataa kuandika. Sisemi alikuwa mvivu, sisemi alipunguza, nasema alikataa, hata jina lake kwenye jalada la kitabu aliliacha wazi, na ukimpa penseli utaipata imevunjwa vipande nyuma ya kochi. Jumatatu tumbo linauma, Jumanne tumbo linauma. Nilikuwa nimewahi kufundisha nasari kabla sijaolewa, kwa hivyo nikamwambia Baba Cherono wacha nikae naye hapa nyumbani, na Kibet naye aliposikia dada yake haendi shule akauliza kwa nini yeye aende, nikamwacha naye abaki.

Kogo alisema lake. "Mtoto ni wa kuamka asubuhi na kuvaa yunifomu," akasema. "Huyu akifika Januari bado haandiki, arudi huko huko. Hatuwezi kukaa na mtu hawezi andika jina." Baba Cherono akaangalia chini, na nikajua amekubaliana na mama yake. Kwa hivyo nilikuwa na mpaka Januari.

Jioni hiyo nilipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni nikamshika Cherono mikono nikamwahidi. "Hakuna mtu atasoma kitu umeandika mpaka wewe mwenyewe useme. Hata mimi."

"Hata Baba?"

"Hata Baba."

"Hata Kogo?"

"Kogo hajui kusoma."

"Nimesikia!" Kogo akaita kutoka chumba cha pili.

Basi nikaanza kazi, na kazi ikanishinda. Nilinunua kalamu za rangi. Nikamwambia aandikie binamu zake wa Chepilat. Nikakaa naye mezani asubuhi nzima tukiangalia ukurasa mweupe, mimi nikitabasamu mpaka mashavu yakauma, na kando yetu Kibet anajaza ukurasa wake na "Mimi ni Kibet" kutoka juu mpaka chini kisha anauliza kama anaweza kwenda kucheza. Nilikuwa nakaribia kukata tamaa, na sikutaka mtu ajue.

Lakini nikagundua kitu. Watoto hawa ukiwaweka mezani wananyamaza, ukiwaweka kwenye chai hawanyamazi. Jumamosi tukienda kuchuna wananifuata katikati ya mistari, wanachuna kidogo na kucheza sana, na midomo yao haifungwi, na Cherono ndiye wa kwanza, anasema vitu mpaka nasimamisha mikono nisikilize. Siku moja alisema kwamba ukungu ukiamka asubuhi kwenye chai unaonekana kama mtoto anayetafuta mama yake. Nikamwambia, bila kufikiria, "Hiyo andika." Nikatoa mfukoni kipande cha pakiti ya unga na penseli fupi ya kuandikia madeni ya maziwa. Akaniangalia. Nikamgeuzia mgongo nikaendelea kuchuna. Nikasikia penseli inakwaruza, jamani, nikajifanya mdudu ameniingia jichoni.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Nilikata pakiti za unga vipande vidogo, sentensi moja kipande kimoja, ukimaliza unakunja unaweka kwenye kopo tupu la kakao, na jioni kopo linaenda chini ya kitanda chao, na mimi sigusi. Ahadi ni ahadi. Hata nikifagia chini ya kitanda nilikuwa nalisogeza kopo kwa mguu macho yakiwa dirishani. Cherono akawa anaenda nyuma ya mistari peke yake, ulimi umetoka nje, anaandika mbili, tatu, na Kibet naye akaona wivu akaanza zake. Nilijivunia sana. (Mnaona ninavyojisifu hapa. Ndiyo maana yalinipata.)

Sasa siku yenyewe. Asubuhi ya Jumamosi tunatafuta kopo, hakuna kopo, kumbe Kogo ameliona limekaa bure akalijaza chumvi ya ng'ombe. Karatasi za zamani alikuwa amezitia kwenye soksi, kwa heshima zote. Watoto wakanuna. Nami nikasema maneno madogo tu, maneno ya mtu mwenye haraka: "Leo tu tutumie kikapu cha Kibet." Kibet ana kikapu chake kidogo ambacho Kogo alimsukia ili naye ajione mchunaji, na hujaza majani ya kiganja kimoja halafu anachoka. Karatasi zikaanza kuingia humo, na siku hiyo walikuwa na mengi ya kusema.

Saa nane hivi mbingu za upande wa Kericho zikawa nyeusi, halafu jirani akapita akisema gari la chai limefika mapema leo, na gari likiondoka na chai yako imebaki, kesho ni Jumapili, hiyo chai utalisha nani. Nikawaambia watoto watangulie kituoni na Kogo. Nikabaki nakimbizana na vikapu, changu kwenye gunia, cha Kogo kwenye gunia, na kile kidogo cha Kibet nacho, pwaa, kwenye gunia. Nikashindilia vizuri kwa mikono yote miwili. Nikajitwika na kukimbia na gamboti zangu za mpira miguuni, nikiimba.

Kwa wale ambao hamjawahi kupeleka chai, pale kituoni humpi karani gunia akapima tu. Unamwaga majani yote mezani, yeye anapitisha mkono, anaangalia kama ni majani mawili na ncha au umemletea majani makuu na vijiti, na akikuta kitu kigeni ndani, hata uzi wa sweta, gunia lako linarudi nyumbani. Na karani wetu, Langat, ni mtu mkubwa mwenye sauti kubwa, na kila Jumapili ndiye husoma matangazo kanisani. Hili mlishike. Mtu wa matangazo ukimwekea karatasi mkononi ataisoma kwa sauti, hawezi kujizuia, mwili wenyewe umezoea.

Nikamwaga. Langat akaingiza mkono, akatoa kipande cha pakiti ya unga, akakikunjua.

"Mama Cherono, siku hizi unaleta chai na matangazo?" Na akasafisha koo. "Mama akiimba kwenye chai, ndege wanahama."

Kituo kizima kikacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, nakiri, maana ilikuwa kweli na ilikuwa imesemwa vizuri, halafu damu ikanishuka mpaka kwenye gamboti. Nikamtafuta Cherono. Alikuwa amesimama kando ya Kogo akishika mkono wa Kibet, na uso wake ulikuwa umefungwa, ule uso aliokuja nao kutoka shuleni siku ile ya insha. Watu walikuwa wanacheka maneno yake tena. Na safari hii mwalimu hakuwepo wa kulaumiwa, nilikuwepo mimi.

Nikaruka nimnyang'anye Langat karatasi. Sakafu ya kituo ilikuwa na maji, gamboti zangu zilikuwa zimeisha meno, nikateleza mzimamzima nikakaa kitako sakafuni juu ya gunia lililotandazwa majani ya Mama Wanjiku, ambaye ana duka hapo senta na chai yake huwa ameichambua kama mchele wa arusi.

"Ngai! Mama Cherono, hiyo ni chai, si sofa!"

Mtu mwenye akili angesimama kwanza. Mimi nikapiga kelele nikiwa pale pale. "Ni zangu! Ni mimi nimeandika! Zote ni zangu!" Nilichokuwa nawaza ni kimoja tu, kwamba wacheke mimi, wasimcheke yeye.

Mama Wanjiku akaniangalia. "Umejiandikia wewe mwenyewe, ati ukiimba ndege wanahama?"

"Ndiyo. Najijua."

Wakacheka mpaka wengine wakashika meza. Langat naye utamu umemwingia, mkono umesharudi kwenye majani, ametoa ya pili. "Karani wa chai ana tumbo kubwa, watu wanasema ni zile kilo anatukatanga..." Akanyamaza. Kila mkulima pale ameshawahi kukatwa kilo za maji ya mvua na za gunia, na kila mmoja amelisema hilo kwake nyumbani, lakini hakuna aliyewahi kulisema mbele ya tumbo lenyewe.

"Malizia, karani!" mtu akaita kutoka nyuma. "Hapo ndiyo pazuri!"

Langat hakumalizia. Aliniangalia pale chini. "Hii pia ni yako?"

"Ni yangu."

"Kwa hivyo mimi nakulanga kilo."

"Si mimi nasema. Hapo imeandikwa ni watu."

Watu wote wakaanza kuangalia viatu vyao. Langat akaishika ile karatasi mkono wa kushoto, na wa kulia ukaingia tena kwenye majani, nadhani ili tu abadilishe mada, au ili anilipizie kisasi, akatoa ya tatu na kuisoma kwa sauti ya Jumapili: "Leo nimekojoa kitanda nikageuza godoro."

Nikamwangalia Kibet. Kibet alikuwa anaangalia mbingu, kama mtoto ambaye hajaja na mtu.

"Mama Cherono," Langat akasema polepole, "hii nayo?"

Ningefanya nini? Nilishasema zote. "Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Siwezi kuwaeleza kile kicheko. Kuna mzee alienda kushika nguzo. Kogo alijifunika uso na shuka lake akasema, "Uui, Mama Cherono. Na ile godoro nilinunua mimi."

Ndipo Cherono akaachilia mkono wa Kibet akaja. Alipita katikati ya watu wazima, mdogo tu, wakampisha.

"Hiyo si ya Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo hadi watu wakaacha kucheka ili wasikie. "Hiyo ya kitanda ni ya Kibet."

"Cherono!" Kibet akalia.

"Ya ndege ni yangu. Na ya tumbo ni yangu." Akamnyooshea Langat mkono. "Na hujaimaliza."

Langat akampa. Nikajua ataipasua. Nilikuwa nimeshajiandaa, na nisingemlaumu, na nilikuwa najua pia kwamba ikipasuka hiyo nimempoteza, Januari au si Januari, sitamwona tena na penseli. Akaikunjua akaisoma, kidole kikifuata maneno.

"Karani wa chai ana tumbo kubwa, watu wanasema ni zile kilo anatukatanga, lakini siku Kogo aliteleza kwa matope yeye ndiye alimbeba mpaka nyumbani na hakupumzika njiani, kwa hivyo mimi bado sijajua."

Halafu wakacheka tena, lakini sasa walikuwa wanamwangalia yeye usoni na wanangoja aongeze, na mtoto wangu akaona tofauti, niliona alivyoona, pembe moja ya mdomo ikapanda.

Langat alijifuta macho na mgongo wa mkono. "Na Kogo alikuwa mzito, mising, mzito kabisa," akasema.

"Nilikuwa nimeshika mtungi wa maziwa!" Kogo akasema.

"Msichana, hii naiomba. Nitaweka kwa nyumba, mama ya watoto aone."

Cherono akatikisa kichwa. "Hii ni yangu. Nipe kalamu nikuandikie ingine."

Langat akatoa kalamu nyuma ya sikio. Na yule mtoto aliyekuwa anavunja penseli akaegemea meza ya chai, katikati ya majani, watu wamemsimamia mabegani, akaandika. Aliandika polepole, herufi kwa herufi, na dereva wa gari alipiga honi na hakuna aliyegeuka. Mimi bado nilikuwa nimekaa kwenye chai ya Mama Wanjiku.

Chai yangu ilikuwa na karatasi kila mahali, na Langat alisema kwa upole kwamba hivyo hawezi kuipima. Basi wakaizunguka ile meza, wale wale waliokuwa wananicheka, wakaanza kuchambua. Cherono akawaambia, "Lakini msisome." Na hawakusoma. Kila aliyepata karatasi alimpa imekunjwa, watu wenye mikono myeusi kwa utomvu wa chai, wanampa mtoto karatasi kwa vidole viwili. Mama Wanjiku alileta ya mwisho. "Sijasoma," akasema. "Lakini nimeona jina langu tu kwa nje. Ni ya kusema uzuri?"

"Kidogo," Cherono akasema.

Kogo naye akasogea. "Yangu iko?"

Cherono akatafuta kwenye kiganja, akasita, akasoma. "Chai ikinyeshewa inanuka kama blanketi ya Kogo."

Nikafumba macho. Kogo akacheka cheko lake la bila meno. "Hiyo blanketi ndiyo nilifunika baba yako akiwa mdogo kama kitunguu," akasema. "Andika hiyo pia."

Mvua ilitukuta njiani. Kogo na Kibet walitangulia (Kibet akiwa na hasira na dunia yote), nami nikawa nyuma na Cherono, gunia tupu limetufunika vichwa. Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia nilimwahidi hakuna mtu atasoma, nikaharibu.

Alitembea kwanza. Halafu akauliza, "Mama, kwani hukuwa unasoma kweli?"

"Kweli."

"Hata moja?"

"Hata moja. Si nilikuahidi."

"Nilikuwa naziweka juu," akasema. "Zenye zilikuwa zako. Juu kabisa."

Miezi yote ile nilikuwa nikilisogeza kopo kwa mguu nikiangalia dirishani, nikijiona mama mwema, na mtoto alikuwa ananingoja mle ndani. Nililia chini ya lile gunia, na mvua ikanisaidia kuficha.

Basi, jamani, nimeapa. Sitamwaga tena kikapu cha mtoto kabla sijaingiza mkono mpaka chini, hata gari la chai likiwa linawaka moto. Na sitakaa tena kwenye chai ya mtu. Januari ilikuja ikapita na hakuna aliyetaja yunifomu, Kogo mwenyewe ndiye siku hizi anauliza kama pakiti za unga zimekatwa. Na ile habari ya kitanda, ingawa Cherono alinitetea mbele ya watu wote, imekataa kufa, kwa sababu Kibet huwaambia watu mama yake alikubali mwenyewe, na ni kweli nilikubali, na ningeulizwa leo ningekubali tena.

Jumamosi iliyopita niliinama kufagia chini ya kitanda chao, nikakuta kopo jipya liko wazi. Juu kabisa kulikuwa na karatasi imekunjwa, na kwa nje imeandikwa: Mama, hii soma. Nikaweka ufagio chini nikakaa sakafuni nikasoma. Msiniulize inasemaje.